Mcheza Kwao: Amri Athumani na Sanaa ya Kuchekesha

Ipo desturi miongoni mwetu sisi tujiitao wapenzi wa lugha. Mshairi twamsikiliza, mchekeshaji twamcheka tu, na kicheko kikishakwisha hatuulizi alichokifanya amekifanyaje. Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo juu ya marehemu Amri Athumani, aliyejulikana na wengi kwa jina la King Majuto.

Kosa langu mimi nililigundua mbali na bahari. Mwaka 2009 nilikaa kwa muda Kasoli, huko Bariadi, katika nchi ya Wasukuma wakulima wa pamba na wafugaji, nayo ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Jioni watu walijaa katika kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje, wakimtazama Majuto. Wengi wao Kiswahili walikipata shuleni na sokoni, si kwa mama zao. Hata hivyo walicheka pale pale ambapo mtu wa Tanga angecheka, na mara nyingine kabla sentensi haijakwisha. Mzee mmoja, ambaye siku zote hatukuvuka salamu, alinigeukia akasema: "Huyu namjua. Ni shemeji yangu."

Neno hilo lilinifikirisha kuliko uhakiki mwingi niliousoma.

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, katika pwani ile ile iliyomzaa Shaaban Robert, na alipanda jukwaani angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika zama zake vichekesho vilikuwa sehemu moja tu ya onyesho la kikundi cha sanaa: ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu, vyote usiku mmoja. Mchekeshaji hakuwa na kitabu cha kukariri. Alipewa kisa kwa maneno machache, kisha maneno yenyewe akayabuni papo kwa papo, hadhira ikiwa ndiyo hakimu. Asiyeweza kuwashika watu mapema hakuitwa tena. Huo ndio msingi alioingia nao katika kanda za video, akiwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo kwetu kuzitumia, na baadaye katika filamu za Kiswahili zilizoenea miaka ya 2000.

Mhusika wake aghalabu alikuwa mmoja: mzee mbahili, mjanja, mwenye tamaa, mwepesi wa hasira, ambaye ujanja wake humrudia mwenyewe. Watasema wahakiki kwamba huko si kuigiza, bali ni kujirudia. Uingereza humsifu mwigizaji anayejificha. Alec Guinness, katika filamu moja ya mwaka 1949, aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja. Lakini mizani hiyo si ya kila soko. Abunuwasi naye ni yule yule katika kila hadithi, na hakuna mtoto wa Unguja aliyewahi kulalamika. Kinachobadilika ni mtego, na utamu wa msikilizaji ni kungoja kuona mtu anayemjua atautegua vipi. Ndiyo maana yule mzee wa Kasoli alimwona shemeji yake.

Wapenzi wa ushairi na wamtazame upya kwa sikio. Majuto alijua mahali pa kutua. Alianza kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye adabu zake, akarefusha neno moja, akanyamaza, kisha akaangusha jibu kama mshairi afungavyo ubeti. Katika majibizano hakumwachia mwenzake neno la mwisho, wala hakulipokea kabla ya wakati wake. Mizani hiyo hakufundishwa darasani. Ni ya barazani, na ni mali yetu.

Sifa hizi zisitufumbe macho. Filamu nyingi alizocheza zilitengenezwa kwa haraka, kamera ikiwa imesimama kama mgeni asiyekaribishwa ndani, na wanawake wakiwekwa humo ili watamaniwe au wazomewe. Mara nyingine aliitwa ili sura yake iuze jalada, si ili kisa kipate mtu. Alibeba mzigo ambao ulikuwa wa mwandishi, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hakuwapo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, huyu alitunzwa? Kwa desturi ya biashara ile, filamu iliuzwa kwa msambazaji mara moja, na msanii akatoka na ujira wake bila ya haki ya kesho. Alipougua na kupelekwa India kwa matibabu mwaka 2018, mikataba ya wasanii ikawa gumzo la taifa. Mnamo tarehe 8 Agosti mwaka huo akafariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Machozi yalikuwa mengi. Uhakiki ulikuwa haba.

Kutunza si kutoa rambirambi tu. Kanda za zamani zinaoza na kufutika, na waliocheza naye majukwaani wanapungua kila mwaka. Tumewakusanya washairi wetu diwani kwa diwani, na tumefanya vyema. Maneno ya mchekeshaji nayo yakusanywe, yaandikwe, yasomwe, kabla hatujabaki na kicheko tu tusichokumbuka kilianzia wapi.