Alfonso wa Kumi: Mfalme "Mwenye Hekima" Katika Mizani ya Uadilifu

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wengi wanaoandika juu ya Andalusia humsifu Alfonso wa Kumi, mfalme wa Castilla na León aliyetawala kuanzia mwaka 650 Hijria (1252) hadi kufa kwake mwaka 683 (1284). Humwita "Mwenye Hekima", na humtoa kuwa kielelezo cha mtawala wa Kikristo aliyeishi na Waislamu kwa wema. Kwa upande wetu, wapo wanaomtaja kuwa mwizi wa elimu yetu tu, wasiongeze neno. Sisi tunaona kauli zote mbili zina kasoro.

Tuanze na haki yake, kwani Surat al-Maida, aya ya 8, inatuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia. Mwaka 1251, kabla hajatawazwa, Kalila na Dimna kilifasiriwa kutoka Kiarabu. Mwaka 1254 alianzisha masomo ya Kilatini na Kiarabu mjini Seville. Wafasiri wake, wakiwemo Mayahudi kama Yehuda ben Moshe na Isaac ben Sid, walishughulikia vitabu vya elimu ya nyota vya Ibn Abi al-Rijal na al-Zarqali. Kufasiri si wizi. Baghdad nayo ilifasiri vitabu vya Wayunani, na hatukuiita mwizi.

Lakini elimu ni jambo moja na uadilifu ni jingine. Katika Siete Partidas, mkusanyo wa sheria ulioandikwa kwa amri yake, Waislamu wanaachiwa dini yao na inakatazwa kuwaingiza katika Ukristo kwa nguvu. Papo hapo wananyimwa misikiti katika miji ya Wakristo, na misikiti yao ya zamani inafanywa mali ya mfalme. Insafu inatutaka tuongeze kuwa sheria hizo hazikupata nguvu rasmi hadi mwaka 1348, zama za kitukuu chake Alfonso wa Kumi na Moja. Kwa hiyo anayemhukumu kwa maandishi hayo peke yake, awe anamsifu au anamlaumu, hajamhukumu kwa vitendo vyake.

Na vitendo vipo. Waislamu wa Murcia waliingia chini ya Castilla kwa mapatano ya Alcaraz ya mwaka 1243, ambayo Alfonso mwenyewe, akiwa mwana wa mfalme, aliyasimamia. Mwaka 662 (1264) watu wa Murcia na Jerez waliinuka, wakiungwa mkono na Ibn al-Ahmar wa Granada. Murcia ilisalimu amri mwaka 1266 mbele ya Jaime wa Aragon, mkwewe Alfonso, na Waislamu wengi wa bonde la Guadalquivir walifukuzwa makwao. Maktaba ya mfalme haikuwafaa kitu.

Hapa tunawakumbusha wanafunzi wasiwe wepesi kuwalaumu waliobaki chini ya utawala huo. Ni kweli kwamba al-Wansharisi, mwishoni mwa karne ya 15, aliwawekea mkazo mkali wa kuhama. Lakini Imamu al-Mazari (aliyefariki 536/1141), naye ni Maliki, alikubali hukumu za makadhi wa Sicilia waliokuwa chini ya Wakristo. Mas-ala yana khilafu, na anayenukuu kauli moja bila nyingine amewaficha wasomaji nusu ya fiqhi.

Mwisho wa mfalme huyu una mazingatio. Mwaka 681 (1282) mwanawe Sancho alimwasi na miji mingi ikamfuata. Alfonso akamwomba msaada Sultan Abu Yusuf Ya'qub wa Banu Marin, akaweka taji lake rehani kwake. Sultan akavuka bahari na jeshi lake likafika hadi Córdoba. Aliyewafukuza Waislamu alitafuta hifadhi kwa Mwislamu dhidi ya mwanawe wa kumzaa.

Basi khatibu atakayemtaja Alfonso juu ya mimbari na ataje vyote: vitabu alivyofasirisha na watu aliowatoa majumbani mwao. Mtawala hupimwa kwa ahadi anazotimiza kwa wanyonge walio chini yake, na mizani hiyo hiyo tunapaswa kuwawekea watawala wetu wa Kiislamu, wa zamani na wa leo.

Wallahu a'lam.