Sifa Zisingoje Matanga

Ukiambiwa kuna filamu ya kijana mgonjwa aliyekuwa anacheza gemu, unaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu, tuachane nayo. Ngoja kidogo. The Remarkable Life of Ibelin, ya Benjamin Ree wa Norway, ilitoka mwaka 2024, na kwangu mimi inatuhusu sisi wa huku mpakani kuliko sinema nyingi za kupigana tunazolipia kwenye vibanda vya Tiira.

Kisa ni cha kweli. Mats Steen alizaliwa na ugonjwa unaomaliza misuli. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho alishinda ndani akicheza World of Warcraft, gemu inayokutanisha watu wa nchi nyingi kwa intaneti. Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Wazazi walilia mara mbili: kwanza kifo, halafu kuamini kwamba mtoto wao hakuwahi kupata rafiki wala kumfaa mtu. Wakatangaza msiba kwa intaneti, na barua zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Kumbe Mats alikuwa na kikundi, Starlight. Zaidi ya kupigana, walikuwa wanaigiza kwa kuandika: kila mmoja ana mhusika wake, na anachosema mhusika unakiandika mwenyewe. Mats alikuwa Ibelin, mpelelezi.

Maandishi yao yalihifadhiwa, kurasa kama 42,000, na Ree akayageuza kuwa katuni yenye sauti za waigizaji. Hapo amefanya vizuri jambo moja: hakumfanya marehemu malaika. Tunaona alivyowaficha wenzake ugonjwa miaka mingi, na alivyowaumiza wengine kwa maneno. Lakini katuni ni tamu mno, muziki unatusukuma tulie, na maneno yenyewe yanapita mbio. Mats aliwaandikia barua wazazi wa msichana mmoja wa Uholanzi walipomnyang'anya kompyuta, akimtetea. Barua hiyo ningependa ikae mbele yetu tuisome polepole.

Kitu kilichonikaa moyoni ni kwamba barua za shukrani zilichelewa. Mama mmoja wa Denmark anaeleza jinsi Mats alivyomsaidia kuwa karibu tena na mwanawe. Hebu fikiria wazazi wa Mats wangesikia hayo wakati kijana wao bado anapumua chumba cha chini!

Na sisi je? Tuna methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tumeifanya kufuli la mdomo. Mtu akiwa hai, kimya. Siku ya matanga, kila mmoja anagombania maikrofoni. Na kambini kuna kuondoka kwingine: jina linatoka, basi linakuja alfajiri, mwenzetu ameenda nchi ya tatu bila kusikia kwamba mashairi yake yalitushikilia. Simu ikiharibika, meseji zake nazo zimekwenda.

Lual Mayen ametuonyesha njia tofauti. Ni Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, akatengeneza gemu ya Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita. Akisimulia alivyoanza, anamtaja mama yake aliyeweka akiba miaka mitatu amnunulie kompyuta ya dola 300. Hakungoja jeneza ndipo amshukuru.

Nanyi wa mashirika, mkimwona kijana ameinamia simu, msiandike haraka kwenye ripoti kwamba amejitenga. Hata wazazi wa Mats walidhani hivyo. Muulizeni anamwandikia nani.

Kwa wenzangu wa kikundi cha kuandika, ombi langu ni dogo: toleo lijalo tutenge kurasa mbili za kuwashukuru walio hai, kwa majina wanayoyatumia wenyewe na kwa jambo moja la kweli walilolifanya. Tuchapishe kwa karatasi. Karatasi haiishiwi chaji.