Nyenje wa Kasarani Alivyopata Jina

Kwenye mabanda ya wadudu ya icipe, kituo cha utafiti kilichoko Kasarani, Nairobi, alikuwapo nyenje aliyefaa kufugwa kwa chakula na lishe ya mifugo. Kasoro yake ilikuwa moja: utambulisho wake ulikuwa na utata. Mwaka 2018 Sylvain Hugel, Chrysantus Tanga na wenzao wakaeleza katika jarida la Zootaxa kwamba ni spishi mpya, Scapsipedus icipe.

Walianza na umbo, na umbo likawaangusha. Dume lake na dume la Scapsipedus marginatus, spishi iliyopewa jina tangu 1804, wanafanana kiasi kwamba ukitazama umbo tu ni vigumu mno kuwatofautisha. Alama moja ilisaidia, nayo ni mkanda wa njano katikati ya macho. Lakini rangi si shahidi wa kutegemewa peke yake, maana hufifia kwenye vielelezo vilivyokaa makumbusho miaka mingi.

Ndipo wakatega sikio.

Dume hulia kwa kukwaruzanisha mabawa: bawa moja lina mshipa wenye meno kama msumeno, na ukingo wa bawa la pili hupita juu yake. Jike humsikia kwa masikio yaliyo kwenye miguu ya mbele, na huufuata mlio wa spishi yake. Kwa hiyo mpangilio wa mlio na masafa yake yanagusa kiini cha suala, yaani nani hupandana na nani. Hapa S. icipe alijipambanua. (Joto likipanda, nyenje huharakisha mlio, kwa hiyo rekodi isiyoandikiwa nyuzi joto haina thamani kubwa.)

Jenetiki ilikuja na swali lake. Je, nyenje wa mabandani, wa kuzunguka majengo na wa porini ni wamoja? Vipande vitatu vya jeni za mitokondria, yaani 16S, Cytb na COI, vilionyesha kwamba wale wa sehemu mbalimbali za Kenya wanapishana kwa asilimia 0 hadi 0.9 tu. Ni wamoja.

Hata hivyo, mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, kwa hiyo husimulia nusu ya ukoo. Tena katika jamii ya panzi na nyenje, vipande vya jeni zake huweza kuhamia kwenye kiini cha seli na kubaki humo kama nakala mfu. Kipimo kikinasa nakala hiyo, tofauti ya uongo huzaliwa. Ili kuitambua nakala hiyo, mchunguzi makini hutafuta alama ya kusitisha iliyojitokeza katikati ya jeni inayopaswa kuunda protini nzima.

Mfugaji naye ana sababu ya kufuatilia haya, maana ugonjwa huweza kuua spishi moja na kuiacha nyingine. Virusi vya denso vilivyofagia mashamba ya nyenje Ulaya na Marekani vilimlenga zaidi nyenje wa spishi ya Acheta domesticus, huku yule wa Gryllus bimaculatus akivihimili.