Hongera, Makumbusho ya Kisumu

Ukitoka Nyalenda kuelekea barabara kuu ya Nairobi, wala huhitaji nauli ya matatu kufika Makumbusho ya Kisumu. Tangu 1980 yamekuwa jirani mwema na mwalimu wa mji mzima.

Kumbukumbu nyingi za Kisumu husimulia habari za waliokuja: reli iliyofika ziwani 1901, na mnara wa saa wa Kassim Lakha uliozinduliwa 1938. Makumbusho yanatusimulia habari za wenyeji. Humo limejengwa boma kamili la Waluo, Ber-gi-dala. Nyumba ya mikayi, mke mkubwa, inatazama lango. Simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, ya mwana wa kwanza iko karibu na lango hilohilo. Mtoto aliyezaliwa katika chumba cha kupanga hapa mtaani huingia, akainamisha kichwa mlangoni, akaelewa kwa nini babu yake alisisitiza kila mtu ajue mahali pake.

Kwa wanaokandika kuta hizo, wanaoezeka upya nyasi zinapochakaa na wanaowaeleza wanafunzi bila kuchoka: hongereni sana. Wazazi wa Nyalenda, wapelekeni watoto. Urithi huu ni wao.