Kufiwa na Kupotelewa: Askari Asiyerudi katika Kipling na Gurnah

Kuna jambo wahakiki wetu hawaligusi sana: mtu aliyepotea vitani anaandikwaje? Aliyekufa hana taabu. Kaburi lipo, matanga yamekaliwa, arobaini imesomwa, na malenga akitaka kutunga atatunga. Aliyerudi naye atasimulia mwenyewe mpaka tumchoke. Lakini aliyepotea, yaani yule ambaye barua imekuja ikasema tu kwamba hajulikani alipo, huyo mwandishi atamfanya nini? Akimuua mapema kadanganya. Akimrudisha nyumbani ukurasa wa mwisho, kanga zimetandikwa njiani na vigelegele juu, kadanganya mara mbili.

Kiswahili chenyewe kimeshatuonyesha njia, ila tunaipita kila siku bila kuitazama. Tunasema fulani amefiwa, na tunasema fulani amepotelewa. Aliyekufa na aliyepotea wamesogezwa pembeni. Anayekaa mbele ya sentensi ni yule aliyebaki. Mie nadhani hadithi ya askari aliyepotea haiwezi kuwa hadithi ya askari. Ni ya aliyepotelewa. Hilo nitalijaribu kwa waandishi wawili ambao kuwaweka pamoja ni kama kumtia paka na panya katika tenga moja: Rudyard Kipling na Abdulrazak Gurnah. Wote wawili walipata Nobeli, wa kwanza 1907 na wa pili 2021, na hapo mfanano unakaribia kwisha. Mmoja aliipigia debe dola ya Waingereza maisha yake yote. Mwingine ni mtoto wa Unguja aliyekimbilia Uingereza miaka ya 1960 akiwa kijana.

Kipling kwanza. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, John, aliyezaliwa 1897. Macho ya kijana yalikuwa mabovu, bila miwani haoni mbali, na vita vilipoanza 1914 jeshi lilimkataa. Baba hakukubali. Alikwenda kwa rafiki yake, Lord Roberts, mkubwa wa jeshi aliyekwisha kustaafu, na kijana akapatiwa nafasi ya uofisa katika kikosi cha Irish Guards. (Kumbe na kule mambo ya kujuana yapo.) Agosti 1915 akavuka kwenda Ufaransa, ndiyo kwanza anatimiza miaka 18. Tarehe 27 Septemba 1915, katika mapigano ya Loos, akaonekana mara ya mwisho. Ikaja taarifa: amejeruhiwa, na hajulikani alipo.

Basi yule bwana mkubwa, aliyekuwa akisomwa kila mahali bendera ya Kiingereza ilipopepea, akawa anazunguka hospitalini na mkewe wakiwauliza majeruhi wa kikosi kile mmoja baada ya mwingine: ulimwona? Aliangukia upande gani? Alifariki Januari 1936 bila kujua mwanawe kalala wapi.

Sasa alimwandikaje? Wengi hukimbilia shairi lake la 1916, "My Boy Jack". Tangu 1997 ipo pia tamthilia ya David Haig yenye jina hilohilo, iliyofanywa filamu mwaka 2007, kwa hiyo watu wameshaamini kwamba Jack ni John, mambo yamekwisha. Lakini shairi lile ni la bahari na upepo, na lilitoka pamoja na maandishi yake ya vita vya majini. John alipotea nchi kavu, penye udongo wa chokaa na matope. Wapo wanaoiona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndipo penye ukweli wake: mzazi anauliza habari za mtoto wa mwenzie kwa sababu la wa kwake halitoki mdomoni. Hata hivyo sitalisifu kupita kiasi. Mwishoni linampa mzazi faraja ya kwamba kijana hakuaibisha ukoo, na faraja hiyo kwangu ni ya haraka mno. Mwaka 1919 alitoa vipande vifupi vifupi vya maneno ya makaburini, na kimojawapo kinawatupia lawama akina baba wenyewe. Hapo angalau hakuna anayepigwa mgongoni akaambiwa apoe.

Pale alipolazimika kumtaja mwanawe waziwazi ndipo ninapomvulia kofia. Kipling alitumia miaka kadhaa kuandika historia ya Irish Guards katika vita vile, majuzuu mawili, yaliyotoka 1923. Ni kazi kavu: leo kikosi kilihamia hapa, kesho kilichimba pale, fulani aliumia, fulani alishika nafasi yake. Siku ya John inapofika, John anapita kwa maneno machache, sawasawa na maofisa wenzake waliopotea siku ile. Ukisoma mbiombio hutajua kwamba anayeandika ni baba mtu. Niliwahi kubishana na mwenzangu mmoja aliyesema eti huo ni ukavu wa moyo wa Kizungu. Hapana bwana. Shuleni tulikaririshwa kutenga fani na maudhui kama mchele na chuya, hapa havitengeki. Mtu kaandika mamia ya kurasa za watoto wa watu ili apate ruhusa ya mistari michache ya wa kwake. Huko ndiko kupotelewa.

Halafu kuna hadithi fupi ya 1925, "The Gardener". Kama unajifunza kutunga hadithi fupi, itafute hii kabla hujapoteza muda na vitabu vya nadharia. Helen Turrell amemlea kijana, Michael, ambaye kijiji kizima kimeambiwa ni mtoto wa kaka yake marehemu. Michael anakwenda vitani, kombora linaporomosha ukuta juu ya mwili wake, na nyumbani inakuja habari kwamba hajulikani alipo. Mwandishi mwingine angefungulia machozi. Kipling anafungulia makaratasi: barua, fomu, ofisi za kuulizia, pole za wanawake waliotangulia kufiwa na ambao wanaijua kila hatua inayofuata. Helen anapitishwa kutoka hatua hadi hatua kama bidhaa kiwandani. Vita vinakwisha, mwili unapatikana, anapewa namba ya kaburi, anasafiri. Katikati ya maelfu ya makaburi yuko mwanamume anapanda maua. Helen anamuulizia mtoto wa kaka yake. Yule mtu anamjibu kwa neno jingine: atamwonyesha alipo mwanawe. Basi, hadithi imekwisha. Kwa neno moja tunajua kwamba huyu mama alipotelewa na mtoto wa kumzaa na hakuwahi hata kuruhusiwa kulia kama mama.

Mtu aliyeweza kuandika hivyo aliijua thamani ya jina na ya anayelitamka. Tangu 1917 Kipling alikuwa mjumbe katika Tume ya Makaburi ya Vita ya dola yake, na ndiye aliyeshauri maneno mengi yaliyochongwa juu ya mawe ya Tume. Utaratibu wa Tume ulikuwa huu: asiye na kaburi, jina lake lichongwe ukutani. Pale Loos kuna ukumbusho wenye majina zaidi ya 20,000 ya waliopotea, na la John limo. Hata ukoo wote ukiisha, jiwe litaendelea kumtaja.

Sasa turudi kwetu, maana kalamu ileile ilifika Dar es Salaam. Katikati ya mji, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann wao, Waingereza walizindua mwaka 1927 sanamu ya Askari, ile ambayo wazee wa mji waliizoea kwa jina la Bismini. Askari kashika bunduki, singe imeelekea bandarini. Tumepishana nayo mara ngapi tukikimbilia basi! Maneno ya chini aliyaandika Kipling. Yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili kikaandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanamwahidi apiganiaye nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Msomaji, yahakiki maneno hayo kama unavyohakiki shairi. "Nchi yake" ni ipi hiyo, mwaka 1914? Na jina liko wapi? Kule Loos jiwe limebeba majina ili watoto wasilemewe. Huku watoto wamebebeshwa majina ili jiwe lisilemewe. Sisemi Kipling alikaa akapanga njama. Mzigo huo ni wa Tume na serikali zao. Nasema mwandishi aliyempa Helen Turrell pigo lile la neno moja hakumwona mama yeyote huku. Katika maneno yale hakuna aliyepotelewa. Kuna askari, kuna wapagazi, kuna mfalme, na kuna watoto wa kukumbuka, ambao wanatajwa kama akiba benki.

Na waliopotea walikuwa wengi. Waingereza peke yao walichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na njaa, malaria na kuhara viliwamaliza kuliko risasi. Jina la kikosi chao cha uchukuzi limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi. La mtu mmojammoja, utalipata wapi? Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wale waliopigana upande wa Wajerumani nao jiwe la mshindi halikuwahusu.

Hapo ndipo anapoingia Gurnah na riwaya yake ya 2020, "Afterlives". Kijana Ilyas, aliyechukuliwa na askari akiwa mtoto na akasomeshwa Kijerumani, anarudi pwani, anamkuta dada yake mdogo, Afiya, analelewa kama mtumishi katika nyumba ya watu. Anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika. Mara vita hivyo, na Ilyas kwa hiari yake anajiunga na jeshi la Wajerumani. Anaondoka katika mji na anaondoka katika kitabu. Kurasa nyingi mno zinapita, tunasoma habari za Khalifa karani, za Hamza aliyerudi kutoka jeshi lilelile na jeraha, za mapenzi yake na Afiya (mapenzi ya kupendeza kweli, yasiyo na mbwembwe), na Ilyas haonekani. Nimesikia wasomaji wakilalamika: huyu mhusika si ndiye aliyeanzisha mambo, mbona katupwa? Hakutupwa. Gurnah anatuweka mahali alipo Afiya. Na sisi tumepotelewa, tunakaa na maisha yanaendelea, chakula kinapikwa, mtoto anazaliwa.

Mtoto huyo anapewa jina la mjomba wake. Kwa desturi zetu hilo ndilo jiwe la ukumbusho, tena linatembea. Gurnah analiona pia upande wake mbaya: mtoto anaanza kusumbuliwa na sauti inayomtafuta Ilyas. Ahadi ile ya Kipling kwamba watoto watakumbuka, hii hapa imetimia, na imemtia mtoto maradhi.

Mwisho wa kitabu unabishaniwa. Ilyas mdogo anafika Ujerumani miaka ya 1960, anapekua ofisini na kwenye nyaraka, na mambo ya mjomba yanatoka kwa kasi, kama ripoti: alifika Ujerumani, akabadili jina, akaimba, akaandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo 1942, na mwanawe aliyemfuata kwa hiari akafia humo pia. Wanaosema Gurnah alichoka wana haki ya kusema. Mimi nashika upande mwingine. Aliyepotea harudi kama mtu, anarudi kama faili. Hata John Kipling alirudi hivyo: mwaka 1992 mtumishi wa Tume alipitia upya makaratasi ya mahali mwili wa ofisa mmoja ulipookotwa, na kaburi lililokuwa halina jina likapewa lake. Watafiti wengine wakabisha. Miaka 77, na bado ni ubishi wa karatasi.

Gurnah hakuyatoa hewani. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, akaingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto pamoja na baba yake, akaenda Ujerumani 1929, akadai mishahara yao na akanyimwa. Alifundisha Kiswahili Berlin, akaigiza katika filamu, akakamatwa 1941, akafia Sachsenhausen 1944. Tangu 2007 Berlin kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake mbele ya nyumba alimoishi.

Nina lawama moja tu kwa Gurnah. Ilyas ana faili kwa sababu alijua kusoma, aliimba, alipigwa picha. Mpagazi aliyeangukia njiani na mzigo kichwani hana faili mahali popote, na riwaya hii, pamoja na wema wake wote, haina la kufanya naye. Atakayemwandika huyo hatasaidiwa na ofisi ya Bonn.

Na la mwisho ni la lugha. "Peponi" ya Gurnah tumeipata kwa Kiswahili tangu 2022, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Naiona "Afterlives" ikifika mahali pa Ilyas na mfasiri akakuta Kiswahili kinampa zaidi ya alichonacho mwandishi mwenyewe. Kiingereza kina neno la asiyejulikana alipo na neno jingine la aliyeiacha njia. Ilyas alikuwa yote mawili, askari asiyerudi na mtu aliyeandamana nyuma ya waliomteka. Afiya akiulizwa kwa Kiswahili habari za kaka yake atajibu neno moja, kapotea, na muulizaji atabaki kuchagua mwenyewe kasikia lipi.