Mzigo Uko Ghalani, Bei Iko Mtandaoni

Tarehe 11 Oktoba 2024 wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala, walio chini ya chama kikuu cha ushirika TANECU, waliuza mzigo wao bila sanduku la zabuni. Miaka nenda rudi wanunuzi walikuwa wakitumbukiza bahasha sandukuni, kisha zinafunguliwa mbele ya wakulima. Safari hii bei ziliingia moja kwa moja kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ya juu ilikuwa shilingi 4,120 kwa kilo, ya chini 4,035.

Newala ni mbali na Bagara, kata ya mjini Babati, lakini jambo lenyewe liko karibu. Babati ni nchi ya mbaazi, na mbaazi ni miongoni mwa mazao yaliyoingizwa katika mfumo huohuo, sambamba na ufuta, dengu na choroko. Na hata asiye na shamba, yule kijana wa Bagara anayeuza kwenye Facebook simu iliyotumika au kusaka redio kwenye tovuti ya Jiji, anafanya biashara ya namna ileile: muuzaji na mnunuzi hawajuani, na bidhaa haiko machoni.

Kinachoulinda mnada wa TMX si kompyuta. Ni mpangilio wa nani anatangulia kuachia nini.

Mkulima hupeleka mbaazi kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS. Gunia linapanda mzani, kwa hiyo lumbesa haina nafasi. Mkaguzi anachota punje, anatazama unyevu, takataka na zilizotobolewa na wadudu. Kisha mzigo unaingia ghala lililopewa leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na inatoka stakabadhi yenye uzito na daraja. Kuanzia hapo mbaazi zikipungua, wa kuulizwa ni mwendesha ghala. Mnunuzi aliyekaa Dar es Salaam hashindanii gunia aliloliona, anashindania karatasi hiyo. Bei zikishatoka wakulima wanasomewa, wanakubali au wanakataa. Wakikubali, mnunuzi analipa kwanza, na ghala halifunguliwi mpaka malipo yathibitike.

Mfumo una kero zake. Mkulima anayedaiwa ada ya shule hapendi kusubiri siku hata chache ilhali mlanguzi yuko mlangoni na noti. Wala mnada, uwe wa mtandao au wa nyundo, hauzuii soko kuanguka. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za huku, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ya Babati ikaporomoka. TMX inamkinga mkulima na mizani ya uongo na mnunuzi hewa. Sera ya Delhi iko nje ya uwezo wake.

Sasa turudi kwa kijana wa simu. Yeye hana ghala, na hapo ndipo matapeli wanapopita. Akiwa muuzaji, anapigiwa na mtu wa Arusha asiyebishania bei hata kidogo, dalili mbaya hiyo. Dakika chache baadaye unaingia ujumbe wa "Umepokea shilingi...", na simu ya pili ikihimiza kifurushi kipakiwe kwenye basi kabla halijaondoka. Ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida, si kwa mtandao wenyewe. Dawa yake ni kupiga *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, na kutazama salio. Salio halijaongezeka, kifurushi hakipandi basi.

Akiwa mnunuzi, mtego hugeuka: muuzaji wa Arusha anamwomba "advance" ya kufungiwa mzigo, na ikishatumwa namba haipatikani tena. Asiye na ndugu Arusha wa kwenda kuikagua simu na kulipa papo hapo, ni heri aiache. Mkaguzi wa ghala hapa ni huyo ndugu. Abonyeze *#06#, alinganishe IMEI ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, kisha aitume 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayoonyesha aina ya simu yenye namba hiyo. Jibu likitaja modeli nyingine, pesa ibaki mfukoni. Wapo wanaokumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia na watu wakaamka na vifaa visivyo na mtandao.

Maelezo ya bidhaa nayo yana uzito wake, maana ndiyo daraja la stakabadhi. Pierre Omidyar alipoanzisha eBay mwaka 1995, kati ya vitu vya kwanza kuuzwa ni kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Tangazo lilisema wazi kuwa ni mbovu, na mnunuzi, aliyekuwa akikusanya leza mbovu, aliichukua hivyohivyo. Tangazo la Bagara linaloandika "kioo kina ufa pembeni, betri inadumu nusu siku" linapunguza bei, lakini linafuta ugomvi wa stendi.

Ujumbe wa kitapeli ukiingia, upelekwe 15040, namba ya TCRA ya kuripoti wahalifu hao. Na *106# humwonyesha mtu laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, zikiwemo zile ambazo hajawahi kuzishika.