"Toleo" Moja, Dhana Mbili

Taswira ya kontena ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji. Taswira za Python hutunzwa nyingi kwa pamoja, na baadhi ya wafasiri huziita zote "matoleo". Hapo hatukubaliani nao. Python 3.12 na 3.13 ni matoleo mawili, bali 3.13 kamili na 3.13 iliyopunguzwa ni toleo moja la namna mbili. Mvuvi wa Nkome, mkoani Geita, hasemi "wavu" tu. Hutaja wa dagaa au wa sangara. Utunzaji wa Python 3.8 ulikoma Oktoba 2024. Aliyebadili namna akidhani amebadili toleo, amebaki na taswira ambayo mianya yake ya usalama haizibwi tena. Tunapendekeza "toleo" kwa namba, na "namna" kwa kilichopakiwa.